Mizinga Iliyomwita Tembo

Ekseli ya nyuma ilikatika katikati ya mto usio na maji, na Canter ya Joachim ikaketi kwenye mchanga kama bibi harusi aliyekataa kuinuka. Joachim alizima injini, akashuka, akalala chali chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuona chuma kilichokatika vipande viwili.

"Shemeji," alisema kutoka chini, "gari limechoka."

"Limechoka au limekufa?"

"Tuseme limepumzika kwa amani."

Devotha Kihwele alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa amesimama juu ya shehena yake: mizinga themanini ya nyuki, mbao za paini kutoka Mafinga, kila msumari ameupiga mwenyewe. Mizinga hiyo ilikuwa inakwenda kutundikwa kwenye waya kuzunguka mashamba ya kijiji cha mwisho kabla ya mpaka wa hifadhi. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka kuuliza kulikoni. Mnyama yule ana ngozi ya kuchezea miiba, lakini nyuki akimwingia ndani ya mkonga anakimbia kama mtoto aliyemwagiwa uji.

Miaka ishirini ya useremala ilikuwa imempa Devotha mabega mapana na kumnyang'anya nusu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Wateja walipouliza, aliwaambia ndicho alichokuwa akinyooshea watu lawama, kwa hiyo msumeno ulifanya kazi ya Mungu. Joachim, dereva, alikuwa mume wa mdogo wake Jackline. Asubuhi ile Jackline, mwenye mimba ya miezi minane, alikuja hadi kwenye dirisha la gari na kusema neno moja tu kwa dada yake. "Unirudishie huyu akiwa mzima." Devotha akajibu, "Nitakurudishia na chenji juu." Watu husema mambo kama hayo gari likiwa bado zima.

Wa tatu alikuwa Aroni Mhapa, mgambo wa wanyamapori wa kile kijiji, waliyempakia Idodi awaonyeshe njia. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata mchana, mzee wa kanisa, na mfukoni na begini alibeba kondomu tatu. Devotha alipoziona alimtazama juu hadi chini. Aroni mwenyewe ndiye aliyecheka.

"Usiniangalie hivyo, fundi. Ni mabomu ya tembo. Humu ndani kuna unga wa pilipili na mchanga, na katikati baruti. Unawasha utambi, unatupa, linapasuka, jamaa anavuta pilipili mpaka akili inarudi. Nesi wa zahanati kila mwezi ananipa boksi zima. Ameshaacha kunisalimia."

Pilipili hiyo ilikuwa imeiua pua ya Aroni miaka mingi. Asingeweza kunusa nyumba inayoungua. Ndiyo maana, walipokuwa wanafunga kamba Idodi, alilazimika kuuliza kwa mdomo jambo ambalo mtu mwingine angelijua kwa kuvuta pumzi.

"Ndani mmepaka nini cha kuwavutia nyuki?"

"Nta," alisema Devotha.

Thelathini ya kwanza, ndiyo, ilikuwa na nta. Kisha nta ikaisha, na gari lilikuwa limeshapangiwa siku. Mizinga hamsini iliyobaki Devotha aliipaka alichokuwa akipaka mama yake: machicha ya pombe ya komoni yaliyokorogwa na molasi. Nyuki wa Mafinga waliyapenda sana. Mafinga hakuna tembo. Hakuliona kuwa kosa, ila fundi hapendi kukiri kwamba amekatiza njia, hasa mbele ya mtu anayempokea kazi.

Saa tisa alasiri jua lilikuwa bado linauma. Simu zote tatu hazikuwa na mtandao. Aroni alitazama mchanga, akaonyesha mashimo ya duara, kila moja na kifusi pembeni.

"Visima vyao. Wanachimba kwa mguu, wanachota kwa mkonga. Jioni watakuja kunywa. Hatuondoki sasa, tutakutana nao njiani. Tukae juu ya gari, wapite. Kesho asubuhi tunatembea. Kijiji kiko huko juu, kilomita tisa, fuata ukingo jua likiwa mgongoni. Ukiona mizinga ya magogo juu ya miti, umefika kwa watu. Na bomu likilia mchana, kijiji kizima kinatoka na mapanga."

"Kwa nini usilipige sasa?" aliuliza Joachim.

"Hapa watasikia nyani tu."

Alikuja mmoja, peke yake, kabla ya saa kumi na moja. Hakwenda kwenye visima. Alitokea kwenye migunga ya ng'ambo, mkonga ameuinua juu kama mtu anayetafuta mtandao, akaja moja kwa moja kwenye gari.

"Dume," alinong'ona Aroni. "Msitikisike. Mkiona masikio yametanda na kichwa kiko juu, anatutisha tu. Akiyabana masikio na kukunja mkonga chini ya kidevu, hapo hatanii."

Masikio yalikuwa yametanda. Joachim, ndani ya kabini, alifunga kioo, kana kwamba kioo kingesaidia. Kisha dume aligeuka upande, na Aroni akaacha kunong'ona. Kati ya jicho na sikio ulitiririka unyevu mweusi kama mafuta machafu ya injini, na miguu ya nyuma ilikuwa imelowa mkojo hadi kwenye kucha.

"Yuko kwenye joto la kutafuta jike," alisema. "Huyu leo hana adabu kwa mtu."

Mkonga ulipanda juu ya bodi, ukapapasa mizinga taratibu kama mama sokoni anayechagua nyanya. Ukaushika mmoja, ukauvuta, kamba ikakatika kwa mlio wa bunduki. Dume aliuweka mzinga chini, akaukanyaga, akalamba mbao. Akachukua wa pili. Wa tatu aliunusa, akautupa pembeni bila kuuvunja.

Devotha alijua ule wa tatu ulikuwa na nta.

Mnyama alikuwa anapanga kazi yake, huu mzuri, huu mbaya, na kila alipochelewa kuupata mzuri alizidi kukasirika. Akaanza kulisukuma gari kwa paji la uso. Canter ikalalia upande. Joachim alipiga kelele kabinini.

"Linapinduka," alisema Aroni, na kabla Devotha hajamshika shati, alikuwa ameruka chini upande wa pili, akakimbia hatua kumi, akawasha kiberiti. Bomu lilipasuka karibu na uso wa dume. Wingu jekundu likatanda. Tembo yeyote mwenye akili angeondoka.

Huyu alikohoa mara moja. Masikio yakabana shingoni. Mkonga ukajikunja chini ya kidevu.

Aroni aliiona ishara. Alikuwa na muda wa kuvua kofia na kuitupa upande, maana wakati mwingine wanaifuata kofia. Dume hakuitazama. Alimpiga kwa mkonga, akamrusha mita nyingi kama fagio, akapiga magoti juu yake, akasimama, akamchoma kwa pembe ya kushoto mara tatu, akamkanyaga. Haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu. Sauti pekee aliyoisikia Devotha ilikuwa ya mchanga.

Kisha dume akalirudia gari. Aliingiza pembe chini ya chesisi na kunyanyua. Anga likazunguka. Devotha alirushwa na mizinga yake, akaangukia bega, akatambaa hadi chini ya mizizi ya ukingo, mdomo umejaa mchanga. Kutoka pale alimwangalia dume akivunja kazi ya miezi miwili, mzinga mmoja baada ya mwingine. Hamsini aliivunja yote. Thelathini aliiacha. Hakukosea hata mmoja.

Jua lilipozama alishiba, akaondoka.

"Shemeji," iliita sauti kutoka kwenye kabini. "Kama uko hai, naomba uje. Kama umekufa, usije."

Mlango ulikuwa umeukandamiza mguu wa kulia wa Joachim kwenye mchanga. Mchanga ule ndio uliomwokoa. Kama ingekuwa mwamba, mguu ungebaki hapo. Devotha alichimba kwa mikono, kama tembo anavyochimba kisima, mpaka akamtoa. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umechungulia nje ya ngozi. Dumu la maji lilikuwa limepasuka. Katika begi la Aroni alikuta kiberiti cha akiba na bomu moja. Jingine lilikuwa mfukoni mwake, na mfuko haukuwapo tena.

Walikaa chini ya gari usiku ule, na Devotha alihesabu pumzi za Joachim hadi palipopambazuka.

Alfajiri lilikuja kundi jingine: majike tisa na watoto wanne. Hawakuwa na haraka. Jike kubwa, pembe moja imekatika, lilitangulia, na kila lilipokanyaga wengine walikanyaga hapo hapo. Devotha alihisi mngurumo wao kifuani kabla ya masikio, kama mashine ya mbao inayowashwa mtaa wa tatu. Mtoto mmoja alikwenda kunusa kofia ya Aroni. Mama yake akamvuta kwa mkonga.

Kisha jike kubwa likaufikia mwili. Lilisimama juu yake kwa muda. Lilimgusa kifuani, usoni, kwenye nyayo, taratibu. Likaenda ukingoni, likavunja tawi la mkwaju, likarudi, likaliweka juu yake. Wengine wakafuata. Walileta matawi, majani, wakamwaga mchanga kwa mikonga, mpaka Aroni Mhapa akawa kichuguu cha kijani. Ndipo wakachimba maji na kunywa, watoto kwanza.

Joachim aliangalia yote kupitia nafasi ya gurudumu. "Mmoja anaua," alisema, "wengine wanazika."

"Nyamaza, utamaliza mate."

Walipoondoka, Devotha alipiga magoti kwenye kisima chao, kina cha mkono mzima, akanywa. Maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya mizizi na samadi. Alimnywesha Joachim, akajaza kidumu kidogo. Kisha akasimama mbele ya kile kichuguu, akasema kwa Kihehe kile ambacho husemwa, akaenda kutafuta mbao.

Alihitaji mabanzi ya mguu na kitu cha kumburutia mgonjwa. Mizinga ya nta ilikuwa mizima, misumari yote imeshika, na nyundo yake ilikuwa imefukiwa chini ya gari. Zilizokuwa wazi ni mbao za ile hamsini, zimelowa machicha na mate ya tembo. Alitoa patasi yake, akazikwangua uso wa ndani, ubao kwa ubao, mpaka maranda meupe yakajaa mapajani. Akanusa. Akakwangua tena. Paini ni mti mlaini, hunywa kila unachomwagia, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Mbona unazipiga msasa?" aliuliza Joachim kwa meno yaliyobana. "Unataka niende hospitali nikiwa fenicha?"

"Usichomwe na vibanzi."

Huo ulikuwa uongo wa pili.

Aliuvuta mguu ukanyooka. Joachim aliuma mkanda wa ngozi mpaka meno yakaacha alama. Devotha akafunga mabanzi kwa vipande vya kitenge, akamlaza kwenye machela ya mbao, akajifunga kamba ya gari kifuani kama ng'ombe wa plau, akavuta.

Kilomita tisa si nyingi kwa mwenye baiskeli. Jua lilikuwa mgongoni, kisha utosini. Kamba ilimchuna ngozi ya bega lililoumia. Kila hatua mia alimpa Joachim kifuniko kimoja cha maji, yeye akalamba kifuniko. Nzi walikuja kwa wingi kwenye ule mguu. Saa nne Joachim alikuwa bado anatania, anamwambia apige honi kwenye kona. Saa tano alikuwa anaongea na Jackline, akimwomba asizae kwanza.

"Joachim. Niambie mtoto mtamwita nani."

"Wa kike tutamwita wewe," alisema. "Akiwa mbishi."

Devotha aliposikia tawi likivunjika nyuma, hakugeuka mara moja. Alimalizia hatua. Kisha akageuka.

Alikuwa yule yule. Unyevu mweusi ulikuwa bado unamtiririka mashavuni, na vumbi jekundu la pilipili lilikuwa limekauka kwenye paji la uso. Alikuwa mita mia tatu, mkonga uko chini unafuata mstari ambao machela ilikuwa imeuchora mchangani tangu asubuhi. Alikuwa anausoma mstari ule kama mtu anayesoma barua, bila kuruka neno.

Devotha alitazama mbele. Hatua sitini juu ya ukingo ulisimama mgunga mkubwa, na kwenye tawi lake lilining'inia gogo lililofungwa kwa kamba. Mzinga wa watu. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wenye shughuli zao.

Alimtoa Joachim kwenye machela, akamsukuma chini ya ukingo kwenye kivuli cha mizizi. Akayakata mafundo ya mabanzi. Joachim alilia kwa sauti nyembamba.

"Unanivunja tena?"

"Anafuata mbao. Wewe nakuacha mtupu. Usitoe sauti hata nikiitwa na Mungu."

"Anafuata mbao kwa nini?"

Alirusha mabanzi juu ya machela, akaikamata kamba, akakimbia, mbao zikigongana nyuma yake. Nyuma ya mbao, mchanga ulianza kutoa sauti aliyoifahamu.

Alilifikia shina. Kamba ya mzinga ilikuwa imefungwa kwenye kigingi, kimo cha kifua, ngumu kama chuma. Alipiga patasi mara moja, mara mbili. Dume alikuwa hatua thelathini, masikio yamebana. Mara ya tatu patasi iliteleza ikamkata kiganja. Mara ya nne kamba ikaachia.

Gogo lilishuka likapasukia juu ya machela, na kilichotoka humo kilikuwa na sauti ya transfoma inayotaka kulipuka.

Dume alikuwa ameshaingiza mkonga kwenye mbao. Alisimama. Akatikisa kichwa mara moja, akashtuka mwili mzima, akatoa ukelele mwembamba ambao haukulingana na mnyama wa ukubwa ule. Akajirushia vumbi, akajipiga kwa masikio, akageuka kwa magoti, akaanguka, akainuka, akaupasua msitu kama lori lisilo na breki. Nyuki wakamfuata.

Si wote. Wengine walimfuata Devotha. Alijiviringisha chini ya shina, kichwa ndani ya gauni, na kwa kile kidole chake kifupi alikuwa bado anatafuta kiberiti. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ikashika. Alirusha bomu la Aroni kadiri mkono ulivyoweza, likapasuka angani mchana kweupe.

Wa kwanza kufika alikuwa mrina asali aitwaye Liberatus, panga mkononi, kaniki kichwani.

"Nani kaangusha mzinga wangu?" alifoka kutoka mbali. Kisha akaona machela, nyayo, na mwanamke asiye na macho tena kwa uvimbe. Sauti ikashuka. "Mama, pole. Kuna mwingine?"

"Chini ya ukingo. Mpeni maji kidogo kidogo." Midomo yake ilikuwa minene kama maandazi. "Na Aroni yuko kule kwenye gari. Wamemzika. Msimfukue kwa jembe, matawi tu."

Trekta la kijiji liliwabeba hadi Idodi, wamelazwa kwenye tela juu ya magunia. Joachim alikuwa amerudiwa na akili. Mguu ulikuwa na joto la pasi, lakini vidole vilijibu alipoambiwa avichezeshe. Devotha hakuweza kumwona. Pengine ndiyo maana aliweza kusema.

"Joachim. Haikuwa nta. Niliishiwa. Nilipaka machicha ya komoni na molasi, hamsini nzima. Aroni aliniuliza nikamwambia nta. Mimi ndiye niliyemwita yule tembo."

Tela lilirukaruka muda mrefu.

"Nilijua," alisema Joachim.

"Ulijua nini?"

"Ile harufu. Niliisikia toka Mafinga, kabini nzima. Nilidhani umelewa, shemeji." Alimeza mate. "Nikaona wewe ni dada wa mke wangu, nitakuulizaje kama umekunywa asubuhi? Nikafungua kioo, nikanyamaza."

Walilala pale juu ya magunia wakiwa na lawama hiyo kati yao, nusu ya huyu na nusu ya yule, na hakuna aliyejaribu kuipunguza.

Madaktari wa Iringa waliuokoa mguu. Umebaki mfupi kwa inchi moja, na Joachim anasema sasa anakanyaga breki vizuri zaidi. Jackline alijifungua mtoto wa kiume. Kwenye msiba wa Aroni, Devotha alipiga magoti mbele ya mjane, Frida, akayarudia maneno yale yale ya kwenye tela, bila kupunguza. Frida alisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Miezi mitatu baadaye Canter, yenye ekseli mpya, ilisimama tena pale kijijini na mizinga hamsini. Wanaume walipotaka kushusha, Frida alitoka kwenye kundi la wanawake akawaambia wasubiri. Akamwashiria Devotha amletee wa kwanza. Akafungua kifuniko, akaingiza kichwa chote ndani, akakaa humo, akivuta pumzi, huku kijiji kizima kimesimama juani na Devotha akisubiri kama mwanafunzi wa ufundi mbele ya mwalimu.

Alipoutoa uso alikuwa na chembe ya nta kwenye pua. Hakuifuta.

"Leta wa pili," alisema Frida.

Aliinusa yote hamsini.